Sitampa Maren Cheti Chake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule za Wilaya ya Kessler, Bwana Tierney. Mkurugenzi wetu wa elimu, Dakta Pruitt. Mkuu wa Shule, walimu, madereva wa mabasi, na wapishi mliosimama kule nyuma na aproni zenu. Wahitimu themanini na wanne mnaochemka ndani ya majoho hayo ya buluu. Wazazi, mababu na mabibi mnaojipepea kwa karatasi za ratiba kwa sababu kiyoyozi cha ukumbi huu kimestaafu kabla yangu. Na ninyi ndugu zangu wa Norden, mliokaa upande wenu peke yenu kama mlivyozoea: habari za mchana.

Kwa wasionijua, na pengine ni heri yenu, mimi ni Gretchen Haverkamp. Nimekalia kiti cha mji wa Norden katika bodi hii kwa miaka kumi na moja. Leo ndiyo kazi yangu ya mwisho, kwa maana nimekiacha kiti hicho ili nigombee ubunge wa jimbo mwezi wa kumi na moja. Msitie shaka, sikuja kuomba kura. Kanuni za shule hazikubali, na Bwana Tierney amenikumbusha hilo mara tatu asubuhi hii, mara ya tatu akiwa amenishika kiwiko. Kila mwaka mjumbe mmoja huzungumza kwa niaba ya wenzake, na mwaka huu zamu ni yangu. Nilikuwa nimeandika hotuba juu ya ndoto na mustakabali. Ipo kwenye pikapu yangu pale nje. Nawaambieni ukweli, mngesinzia.

Mnaijua desturi yetu. Sisi wajumbe saba hujipanga hapa jukwaani na kuwapa vijana vyeti, lakini mhitimu akiwa ni mtoto wa mjumbe, mzazi wake ndiye hutoka mbele na kumpa kwa mkono wake mwenyewe. Mwandishi wa gazeti hupiga picha, watu hupiga makofi, maisha yanaendelea.

Sasa nitasema jambo ambalo halimo katika karatasi yangu yoyote ya kampeni. Mwaka ambao binti yangu Maren alikuwa darasa la kwanza, nilikuja hapa kumwona mpwa wangu akihitimu. Nilikaa kule juu kabisa, chini ya ubao wa alama za mpira wa kikapu. Bwana Lowell Strand alikuwa mjumbe wakati ule, na wengi mnamkumbuka: pande la mtu, mfuga nguruwe, mkono wake kama koleo. Mwanawe alipoitwa, Bwana Strand alimpa cheti, akamkumbatia, akalia mbele ya wilaya nzima bila kujifuta. Sisi wengine tulikuwa tunapunga mikono kutoka mbali, kama watu walioachwa na basi. Nikasema moyoni, na mimi nataka ile. Je, mlidhani niligombea kwa sababu ya mitaala? Niligombea ili siku moja nisimame hapa, nimshike mwanangu. Miaka kumi na moja ya mikutano, ya kubishana juu ya mabomba na paa zinazovuja, nimeivumilia kwa ajili ya dakika moja ya leo.

Na dakika hiyo sitaipata. Nataka mjue kwa nini, na mjue kutoka kwangu.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, bodi hii ilipiga kura kuifunga sekondari ya Norden. Wanafunzi walikuwa thelathini na wanane. Mwalimu wa kemia ndiye aliyekuwa dereva wa basi, na ndiye aliyekuwa kocha. Wajumbe watatu walisema ifungwe, watatu wakasema isifungwe, ikabaki kura ya mtu wa Norden mwenyewe. Nikasema ifungwe. Mliokuwepo mnakumbuka. Hata aliyekuwa amekuja na filimbi ya kutuzomea aliishika tu mkononi.

Kuhusu kura ile sitaomba radhi hapa. Watoto walikuwa wanamaliza shule bila kuona fizikia, na hesabu za kuifunga hazikuandikwa Norden wala hapa Kessler, ziliandikwa mbali, kwenye bunge la jimbo, na watu wasiojua barabara yetu inaanzia wapi. Ndiyo maana nataka kwenda huko. Nyamaza, Gretchen, hiyo ni kampeni. Naam, Bwana Tierney, nimenyamaza.

Lakini kuna jambo lililotangulia kura, na hilo halimo katika kumbukumbu za mkutano. Jioni ile, kabla ya kuondoka, nilikula na Maren. Nilikuwa nimeoka viazi na nyama ya kusaga. Alikuwa na miaka kumi na sita, ameshavaa fulana ya timu, na bango lake la kuitetea shule limeegemea jokofu. Akaniuliza, "Mama, utapiga kura gani?"

Nikamwambia, "Tutawasikiliza wananchi kwanza."

"Lakini wewe mwenyewe unaonaje?"

"Bado sijaamua, mwanangu. Kula."

Nilikuwa nimeshaamua wiki tatu kabla. Tunafundishwa, tukiapishwa, kwamba mjumbe asitangaze kura yake kabla ya kuwasikia watu, na ni kanuni nzuri. Mimi niliichukua kanuni ya mkutanoni nikaiweka kwenye meza ya chakula, nikamdanganya mtoto wangu nayo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya muda wa saa tatu tu. Maren alisikia kura yangu akiwa amesimama na bango lake katikati ya marafiki zake, pamoja na mji mzima. Wote wakamgeukia yeye kwanza. Walidhani alijua.

Tangu siku hiyo naishi Norden kama mgeni. Mnaijua barabara yetu, mtu akipishana na mtu huinua kidole kimoja kwenye usukani kumsalimu, hata kama hamjuani, hata kama mmegombana juu ya mpaka wa shamba. Miaka miwili sasa, hakuna aliyeniinulia. Mimi bado nainua. Nainulia pikapu, nainulia matrekta, mwezi uliopita niliinulia gari la posta lisilo na mtu ndani. Jumapili napeleka pai yangu ya tufaha kanisani, naiweka mezani na za wengine, na baada ya kahawa naichukua nzima, narudi nayo. Nimegonga milango elfu mbili ya watu nisiowajua nikiomba kura, na nawaambieni, wageni ni rahisi. Kazi ngumu ni kupita mbele ya nyumba za watu waliokulea.

Na nyumbani? Tunaishi mimi na Maren kama wapangaji wawili. Baba yake yuko Oregon na familia yake nyingine, ametuma kadi. Nikisikia mlango wa jokofu nasubiri aondoke jikoni ndipo niingie, kwa maana nikiingia yeye hutoka, na sitaki ale amesimama.

Wiki tatu zilizopita alinisubiri jikoni. Nilifurahi, ninyi hamjui nilivyofurahi. Akasema, "Mama, siku ile usinipe wewe."

"Nisikupe nini?"

"Unajua nini."

"Maren, ile ni desturi."

"Hata shule yetu ilikuwa desturi."

Nikamuuliza anataka nani ampe. Akasema, "Bi Odella."

Odella Brink alipika katika shule ya Norden miaka ishirini na sita. Kura yangu ndiyo iliyomtoa kazini.

Kijana anayeniendeshea kampeni, Trent, yule pale mwenye kamera, alipandwa na homa. "Bosi, mama na binti, joho, machozi! Picha hiyo moja inazidi vipeperushi elfu kumi. Mwambie atabasamu sekunde mbili tu, halafu anune mpaka azeeke." Trent, wewe ni mtu mwema na unajua kazi yako. Funga kamera hiyo, nakuomba.

Jana nilikwenda kwa Bi Odella. Alifungua mlango nusu.

"Umepotea nyumba," akasema. "Kura yangu huipati."

"Sikuja kwa ajili ya kura."

"Basi umefuata nini? Nikusifie pai?"

Nikamweleza. Kisha akasema, "Unajua nilitaka kuila? Kila Jumapili naitazama ile pai. Nilijizuia tu."

"Ungekula, Odella."

"Nisingekula. Na hata kesho sili. Lakini mtoto nitampa cheti chake." Akataka kufunga mlango, akaufungua tena. "Na wewe utakaa wapi?"

Sikuwa nimefikiri. Mnajua kila mhitimu hupewa kadi sita za viti, maana ukumbi ni mdogo na mkuu wa zimamoto ni mkali. Maren amezigawa zote sita: kwa bibi yake, kwa Bi Odella na mumewe, na kwa wasichana watatu wa timu ya Norden waliohitimu mwaka jana. Mimi hakunipa. Sisemi kwa ubaya. Mjumbe hukaa jukwaani, hahitaji kadi.

Wahitimu, mtauliza kwa nini mama wa mtu anaanika mambo ya nyumbani katika siku yenu. Ni kwa sababu dakika chache zijazo litaitwa jina la Maren Haverkamp, na mtamwona akipokea cheti kwa mwanamke asiyekuwa mamaye, wakati mamaye ni mjumbe. Ningenyamaza, mngesema hana adabu. Mngesema amemwaibisha mama yake mbele za watu. Mnajuana, na maneno ya huku hayafi. Basi nasema mbele yenu nyote: binti huyu hakufanya kosa. Aliuliza swali mezani, akadanganywa. Kura ile ningeipiga tena leo. Uongo ule nisingeusema tena, hata mngenipa bunge zima na mnara wake.

Ushauri wangu kwenu ni huo tu, na mnisamehe kwa kuwa ni mdogo. Mtu wako akikuuliza mezani, mjibu mezani. Hata jibu likiwa chungu. Hata chakula kikipoa.

Nawashukuru wajumbe wenzangu sita, mlionivumilia hata mliponishinda. Nawashukuru walimu mliowapokea watoto wetu wa Norden na kuwajua majina ndani ya wiki moja. Nawashukuru madereva mliowabeba maili ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi, katika theluji ambayo mimi nilikuwa naitazama dirishani nikihesabu dakika mpaka basi litokee.

Bi Odella, njoo huku juu. Polepole na ngazi ya tatu, imelegea, tumeijadili miaka minne. Kiti changu ni hiki. Bwana Tierney atakuonyesha pa kusimama.

Mimi nashuka. Najua kiti ulichokiacha, Bi Odella, sasa ni kitupu, na najua kiko katikati ya watu wa Norden. Hicho kilitolewa na Maren kwa mtu aliyemtaka, na sitakikalia bila kuitwa. Mkuu wa zimamoto amenikubalia nisimame mlangoni, mradi nisizibe njia.

Maren, hongera, mwanangu. Ukishapokea, nenda kwa rafiki zako, piga picha zako, ucheke. Huna haja ya kunitafuta kwa macho. Lakini ikitokea ukataka kujua nilipo, nipo pale mlangoni, upande wa kulia, nimesimama.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.