Mpira Uliorudishwa Buffalo

Mbele ya duka la Mama Clémence, huku South End ya Louisville, Marekani, kuna benchi refu lililotoka kwenye kanisa lililofungwa, na kila Jumapili baada ya ibada hukaliwa na watu ambao hakuna aliyewateua kuhukumu lakini wanahukumu kila kitu. Kuna Balagizi, jina la kijiweni Avoka, wakili kwa Kifaransa, anayezijua sheria zote isipokuwa ya kuegesha gari. Kuna Bagula, yaani Satelaiti, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Clémence huleta kahawa ya tangawizi kwenye chupa ya chai, na chupa ikikauka kesi imefungwa. Jumapili hii mshitakiwa alikuwa Nestori, Mrundi mpole anayepakia mizigo ghalani, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Gari lake lilikuwa kando ya barabara, vioo vimeshushwa, na ndani yake binti yake Spés amekaa na glavu ya besiboli mapajani. Tangu watoke Buffalo hajamsemesha baba yake.

— Anza mwanzo, Papa Spés, Avoka akasema. Tribinali iko nasikiliza.

— Mwanzo ni ahadi, Nestori akasema. Spés anacheza shuleni. Nilimwahidi likizo hii viwanja vitatu: cha hapa, cha Columbus na cha Buffalo, maana shemeji yangu yuko Amherst, hapo karibu, tungelala kwake. Si zile timu kubwa za kwenye televisheni. Hizi ndogo, unakaa karibu kabisa na wachezaji. Yeye alitaka kitu kimoja tu, mpira.

— Si banauzaka mu duka? Clémence akauliza.

— Wa dukani hautaki. Ukipigwa vibaya ukaangukia kwa watazamaji, aliyeudaka ni wake, anakwenda nao nyumbani.

— Na weye ulijua ile? Avoka akauliza.

— Nilijua.

Louisville hawakuangukiwa na kitu. Columbus mpira ulimwangukia mzee aliyekuwa akikoroma viti vya mbele, ukamwamsha. Spés akacheka mpaka machozi, akasema, usijali Baba, Buffalo ni zamu yetu. Na kweli Buffalo mpira ulipaa, ukapinda, ukashuka kwao moja kwa moja. Spés akanyoosha glavu. Nestori akaudaka kwa mikono mitupu mbele ya glavu ya mtoto, na kabla hajafikiri lolote akauvurumisha kurudi uwanjani.

— Mama yangu! Clémence akashika kichwa. Uliitupa?

— Niliurudisha.

— Na bantu?

— Walinizomea. Uwanja mzima.

— Bon, Avoka akasema, mi nasema alifanya muzuri. Ile mupira iko ya kampuni. Kazini ukibeba kitu ya kampuni, si banakufungulishaka mufuko ku mulango?

— Lakini watazamaji wenyewe wanabeba! Nestori akasema.

— Beye ni raia. Weye uko na grin kadi tu, kibali ya kukaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ile ilikuwa kiwanja ya ngapi?

— Ya tatu.

— Voilà!

Jembe liliingiaje hapo hakuna aliyejua, lakini lilisemwa kwa uzito mpaka Satelaiti akaona wivu.

— Avoka, uko nyuma. Ile mupira iko na chipu ndani. Inaandika nani aliishika. Siku ya intavyuu ya uraia, mama wa ofisi anafungua kompyuta, anakuona na mukono juu. Anasema, Papa, hakuna maulizo, pita.

— Na kuzomea? Nestori akauliza.

— Haikuwa kuzomea! Buffalo kuko baridi sana, sauti yao inatokaka vile. Ilikuwa salamu.

— Ao wivu ya mukono! Avoka akadakia. Ulitupa kupita mutupaji yao, kochi akaona, njo maana banakasirika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ile ilitoka juu, donc haukuinama, donc hauna kosa!

Wakacheka. Nestori naye akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka kwake, maana kule garini Spés aligeuzia uso upande wa pili.

Sababu ya kuurudisha mpira aliijua, na ndiyo iliyomwaibisha kuliko kuzomewa. Alikulia katika kambi ya wakimbizi, Tanzania. Kule mpira ulikuwa mmoja kwa watoto wa mtaa mzima, wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, na ukitoka nje, yeyote aliye karibu, hata mama mwenye ndoo kichwani, aliurudisha upesi. Aliyeubana alikuwa mwizi. Mikono yake ilifanya ya kule. Lakini hapa kijiweni “mtu wa kambi” ni mzaha wa kila wiki, na hata nyumbani hakupenda binti yake ayasikie mambo hayo. Kwa hiyo Spés alipomwuliza pale uwanjani kwa nini, alimjibu kwamba ndiyo sheria ya mchezo. Alimwambia hivyo mtoto anayezijua sheria zote za mchezo huo. Njia nzima ya kurudi masikio yalimwaka kwa aibu.

Mwanamke mmoja akatoka dukani na unga wake wa muhogo. Alikuwa mgeni, amehamia juzi kutoka Shively, anaitwa Teopista.

— Shikamooni. Samahani kaka, nimesikia nikiwa humo ndani. Huyo binti, umemwambia kwa nini uliurudisha?

Satelaiti akatazama angani kama aliyekatikiwa mawimbi. Clémence akainamisha chupa, na hakikutoka kitu.

Nestori akainuka. Akafika dirishani kwa Spés, akasimama hapo bila kujua mikono aiweke wapi.

— Nilikudanganya, akasema. Si sheria.

— I know, Baba.

— Kambini mpira wetu ulikuwa mmoja.

Spés akageuka.

— Mmoja? Wa watu wote?

— Wa watu wote. Ukitoka nje, unaurudisha.

Mtoto akaiondoa glavu mapajani, akasogea na kumfungulia baba yake mlango kutoka ndani.