Historia ya Mzee Thurlow Beddoes, Dereva wa Mlima Stokely

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gwladys, binti mkubwa wa marehemu, nami nasoma kwa niaba ya familia. Mzee wetu Thurlow Beddoes alizaliwa tarehe 14 Machi 1898 hapa Altoona, Pennsylvania, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1916 akaajiriwa na reli kama mchochea moto, kazi ya koleo na makaa iliyompa mabega mapana na kikohozi kisichomwacha. Tarehe 9 Juni 1923 alifunga ndoa na Hester Pugh, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1927 akawa dereva.

Mwaka 1947 zilikuja injini za dizeli, akazikejeli kuwa ni majokofu yenye magurudumu, lakini mwenye nguvu mpishe, na injini za mvuke alizozipenda zikakatwa kuwa vyuma chakavu machoni pake. Injini ya mvuke iliweza kukokota mzigo mlimani polepole kutwa nzima, ikishindwa inasimama tu, bali dizeli hufua umeme wa kuendesha mota zilizo kwenye magurudumu, na ukiikokotesha polepole mno mota hizo huungua.

Tarehe 3 Februari 1949, akipandisha treni ya dizeli kwenye Mlima Stokely, msaidizi wake Emil Hrinko, ambaye bado aliitwa mchochea moto ingawa hapakuwa na moto wa kuchochea, alimwambia, "Mzee, mshale wa kipimo cha mota umeingia kwenye nyekundu, tukate nusu ya mabehewa tupande mara mbili," naye akajibu, "Kaa chini wewe, mlima huu nimeupanda kabla hujaota ndevu." Mota ziliungua, moto ukashika mafuta, Emil akaingia chumba cha injini na mtungi wa kuzimia moto, na hakutoka.

Mbele ya wachunguzi baba alisema tu kwamba kuangalia mshale ilikuwa kazi ya Emil, akanyamazia mengine, na ripoti ikaandika uzembe wa Emil Hrinko. Kila Krismasi mjane wake, Bi. Ludmila, alituletea mkate wake mtamu uliotiwa kokwa za jozi, akiamini baba alijaribu kumwokoa mumewe, na baba hakuonja hata kipande, sisi tukadhani ni tumbo.

Alistaafu mwaka 1963, mapafu yakamlaza mwaka 1969, akafariki tarehe 20 Oktoba 1971, na siku nne kabla alituungamia yote ya mlimani, akatuagiza tuyasome haya Bi. Ludmila akiwepo, kwani yeye mwenyewe alifika mlangoni kwake mara tatu akarudi. Barua ya kukiri kosa, yenye sahihi yake, tumeipeleka reli jana.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliotulisha wiki nzima, na madereva wenzake waliobeba jeneza. Bi. Ludmila, wewe hatukushukuru, maana uso wa kukutazama hatuna.

Emil Hrinko, hukuzembea, pumzika kwa amani. Baba, nawe pumzika, ukiweza.