Bi Kisanduku, Aliyewavusha Wenzake Ukumbini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, karani wetu wa uanachama anafunga kabati la mafaili kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika tawi letu la Chama cha Askari Wastaafu. Amefanya kazi na wenyeviti watano, makatibu sita, mashine mbili za chapa na kompyuta tatu. Kabati ni lile lile moja, la chuma, lenye droo ya tatu isiyofunguka mpaka uipige kwa goti. Pa kupiga anapajua yeye peke yake. Wengine tumejaribu, tukaambulia michubuko.

Wengi tunamwita Bi Kisanduku, na jina hilo alilipata kwa haki. Fomu yetu ya kujiunga ina visanduku kumi na vinne, na katika utumishi wake wote hajawahi kupokea fomu yenye kisanduku kitupu. Hakujali cheo cha mtu. Mwenyekiti wetu wa sasa, kapteni mstaafu, alirudishwa nyumbani mara tatu: mara ya kwanza aliruka jina la babu, mara ya pili tarehe ya kuacha jeshi, na mara ya tatu aliandika "kama hapo juu". Hadi leo husema, "Jeshini nimevuka mito, lakini sijawahi kuzungushwa kama nilivyozungushwa na karatasi ya mama yule." Bi Kisanduku hakuwa na ubishi. Alikuwa akieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba siku mwanachama akianguka ghafla, kile kisanduku alichokiruka ndicho watu watakachokitafuta.

Alikuwa na ukaidi mwingine pia, nao ndio uliomsumbua zaidi mtunza stoo. Mashine ya chapa ya mwisho iliondoka ofisini miaka kumi na sita iliyopita, lakini kila baada ya miezi michache Bi Kisanduku aliendelea kuagiza kichupa cha mafuta ya mashine. Mtunza stoo alilalamika hadi akachoka. Tukasema ni mazoea, mzee haachi vya zamani. Tulimcheka waziwazi, naye alicheka pamoja nasi na kutia kichupa mkobani.

Kwa ajili ya wageni tulio nao leo, nieleze kidogo. Askari mstaafu hujiunga na chama chenyewe. Mke au mume wake hujiunga na Kundi la Wenzi. Akifiwa, huhamia Kundi la Wajane. Watoto nao wana kundi lao, ambalo hukumbuka mikutano pale tu panapokuwa na soda. Ukumbini, Wenzi hukaa safu za kushoto, upande wa madirisha, na Wajane hukaa kulia, upande wa mlango wa jikoni. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo, lakini hakuna anayekosea. Katikati pana njia, na kwenye njia hiyo huwekwa meza ndogo ya daftari la mahudhurio, pamoja na kiti kimoja.

Kiti hicho ndicho alichokalia miaka yote. Na kutoka kwenye kiti hicho aliifanya kazi ambayo haimo katika barua yake ya ajira. Mwanachama akifariki, mkewe anaporudi mkutanoni kwa mara ya kwanza huwa hajui akae wapi. Husimama mlangoni ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hapo Bi Kisanduku huinuka, humshika mkono, humpitisha mbele ya mashoga zake wa zamani, humvusha ile njia ya katikati na kumketisha kulia, kando ya mtu asiye na maneno mengi. Sisi tunaita kuvushwa. Hamwambii pole, maana pole amekwisha kuzipokea za kutosha. Humwambia tu kwamba kiti hiki hakiyumbi, amekijaribu mwenyewe asubuhi.

Nimehesabu kwenye daftari: amewavusha watu mia moja arobaini na wawili. Mmoja wao ni mgane wetu, mume wa muuguzi wa jeshi, ambaye alilia hadi akapotea njia na kurudi kushoto, ikabidi avushwe mara mbili. Kila mara, akishamketisha mtu, Bi Kisanduku alirudi katikati, akaketi na kutia alama kwenye daftari.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike kurasa hizi mara nne.

Mwezi uliopita kamati iliniagiza niandae ratiba ya leo, na karibu na jina lake niweke namba yake ya uanachama. Kazi ndogo. Nilitafuta kwenye faili la Wenzi, hayumo. Nikatafuta kwenye la Wajane, hayumo. Niliipiga goti droo ya tatu, nikaumia, nikaifungua kwa bisibisi, na humo pia hayumo. Nikauliza watu. Wenzi wakaniambia kwa uhakika kabisa kwamba yeye ni wa Wajane, ndiyo maana anawajua vile. Wajane wakaniambia yeye ni wa Wenzi, na mumewe ni yule mpole ambaye huwa hapendi mikutano. Mmoja alinieleza hadi sura ya huyo mume. Nilifungua albamu ya picha za mikutano mikuu nikijua picha haisemi uongo. Hamna picha hata moja aliyomo, kwa sababu mpiga picha alikuwa yeye.

Mimi ninayeandika haya nimekaa mkabala naye miaka kumi na mmoja, meza zetu zikigusana. Najua hanywi chai yenye tangawizi. Najua goti lipi linamuuma. Hili sikuwahi kumuuliza, na naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipomuuliza, alivua miwani, akaifuta, akanisimulia bila kuhema.

Hakuja hapa kutafuta kazi. Alikuja kujiunga. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ameletwa na mama mkwe wake, na mumewe alikuwa fundi wa redio jeshini. Gari alilopanda mumewe halikufika lilikokuwa likienda, wala halikurudi. Nyumbani ilikuja barua ya mistari mitatu, isemayo kwamba hajulikani alipo. Katibu wa siku hizo, sajenti mzee, aliisoma barua mara mbili. Hakuweza kumwandika Wenzi, kwa kuwa mumewe hakuwa mstaafu wala mwanachama. Hakuweza kumwandika Wajane, kwa kuwa hapakuwa na cheti cha kifo. Kisanduku namba tisa, cha uhusiano, hakikuwa na pa kuweka alama. Akamwambia akae kwenye benchi asubiri, atafute namna. Wakiwa bado wanasubiri, simu ikalia chumba cha pili na hapakuwa na mtu wa kuipokea. Aliinuka akaipokea, akaandika ujumbe kwa mwandiko safi. Jumatatu iliyofuata alikuwa ameajiriwa.

Namna haikupatikana. Sajenti alistaafu, kisha akafariki, na Bi Kisanduku ndiye aliyemvusha mkewe. Baadaye mwanachama mmoja, wakili, alimdokeza kwamba kwa miaka mingi kiasi hicho mahakama inaweza kutamka kuwa mtu amekufa, na kwamba yeye angelishughulikia bure ndani ya mwezi. Alimshukuru sana, kisha akamkumbusha kwamba namba ya simu kwenye fomu yake mwenyewe imekwisha kubadilika. Aliniambia hawezi kutia saini kwamba mtu amekufa ilhali hajui. Wala hawezi kukaa na wake za watu ajifanye anamwacha mume nyumbani anaangalia mpira. Kwa hiyo alikaa katikati, na kwa kuwa palikuwa na meza, hakuna aliyeshangaa.

Mama mkwe alifariki miaka kumi na saba iliyopita. Wosia wake ulikuwa mmoja: kitasa cha mlango kisibadilishwe, kwa sababu ufunguo mmoja mwanawe aliondoka nao. Kitasa kimezeeka, kinakwama, na mafundi wawili wamekwisha kumwambia akitupe. Yeye hukitia mafuta. Mtunza stoo, nadhani hesabu yako ya vichupa sasa imekamilika.

Kila Jumamosi ya mkutano ilikwisha hivi, na sote tuliiona. Wenzi waliondoka wawili wawili wakigombana nani ashike mwavuli. Wajane waliondoka kwa kundi, maana wana desturi ya kusindikizana hadi mlango wa mwisho. Yeye alibaki akipanga vikombe, akizima taa safu kwa safu, halafu akafunga ukumbi na kwenda zake. Tulisema ni mchapakazi. Ni kweli, lakini pia alikuwa mpweke, na tulikuwa na nafasi elfu za kulitambua hilo.

Rasimu ya maneno haya ameisoma yote hadi hapa. Ameruhusu yachapishwe, amesahihisha tarehe mbili na kufuta neno "shujaa" kila lilipotokea. Kisha aliuliza swali moja, huku akitazama dirishani kama anayeulizia hali ya hewa: kuanzia mwezi ujao, mimi ninayemrithi nikishakaa kwenye ile meza, mtu asiye mwanachama akija mkutanoni anakaa wapi? Nililiandika swali pembeni mwa rasimu. Aliniambia nisijali, alikuwa anauliza tu.

Aya zinazofuata hajaziona.

Bi Kisanduku, kamati imekaa saa mbili na nusu juu ya swali lako. Palikuwa na waliotaka uandikwe Wenzi, na waliotaka uandikwe Wajane, na makundi yote mawili yalikugombea hadi mwenyekiti akapiga meza. Akasema kwamba mtu aliyengoja miaka thelathini na mmoja bila kudanganya hatakuja kulazimishwa na sisi adanganye leo. Mgane wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono, kisha akainama akatafuta leso.

Fomu yako iko chini ya ratiba hii, kwenye bahasha. Visanduku kumi na vitatu tumevijaza sisi, na jina la babu yako tulilipata kwa shida. Wadhamini wanatakiwa wawili. Wametia saini mia moja na tisa, na karatasi za nyongeza nimezibana kwa pini, najua hupendi. Kisanduku namba tisa tumekiacha kitupu. Kitapokelewa hivyo hivyo, kitupu, na hakuna atakayekuuliza. Iliyobaki ni saini yako. Mimi ndiye karani sasa, na hii itakuwa fomu ya kwanza kupita mkononi mwangu.

Tunakuombea magoti mema, usingizi mtulivu na mlango unaofunguka bila kukwama. Kichupa cha mafuta kitaendelea kuagizwa. Mtunza stoo amekubali kwa maandishi.

Mkutano ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Ukifika usisimame mlangoni. Nitainuka nikushike mkono nikupeleke hadi katikati, kwenye kiti chako. Hakiyumbi, nitakuwa nimekijaribu asubuhi. Meza ndiyo tuliyoihamisha, na mahali pake tumeweka kiti kingine, kitakachokaliwa kwa zamu: mkutano mmoja mtu wa kushoto, mkutano mmoja mtu wa kulia.