Ijumaa Zote Mlangoni: Kumuaga Mama Tahadhari

Ijumaa iliyopita, tarehe thelathini, Mama Tahadhari alistaafu rasmi baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ushauri wa afya na usalama kazini kwa miaka ishirini na sita. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi na humo litabaki, kwani hata mumewe akipiga simu ofisini humwulizia Mama Tahadhari. Mhariri wa jarida hili ameniomba wasifu mfupi na wa kupendeza. Ufupi nitajitahidi.

Alianza kama karani wa mapokezi, enzi hizo kampuni ina vyumba viwili na mtungi mmoja wa kuzimia moto, ambao Mkurugenzi aliutumia kuzuia mlango usijifunge. Siku yake ya kwanza kazini aliutundika ukutani na kumweleza Mkurugenzi, kwa adabu zote, kwamba mlango una kazi yake na mtungi una yake. Mkurugenzi alimwona mjuaji, akampeleka masomoni ili apumue. Akarudi mkaguzi mwenye cheti, na tangu hapo hakuna aliyepumua.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujagusa chai, alizunguka ofisi nzima akichungulia chini ya meza zetu kutafuta nyaya zilizochunika. Jumanne hadi Alhamisi alikuwa kwa wateja, ambao walimpenda kama watu wanavyompenda daktari wa meno. Kwenye kiwanda kimoja cha sabuni alikuta msimamizi ameondoa kinga ya mashine na kuweka mahali pake kipande cha boksi kilichoandikwa Usiguse. Msimamizi akajitetea kwamba vijana wake wote wanajua kusoma. Mama Tahadhari akamuuliza kama mashine nayo inajua, kisha akazima umeme kwa mkono wake na kuketi kando ya swichi mpaka kinga iliporudishwa. Msimamizi alimpigia Mkurugenzi simu akifoka. Mwaka uliofuata alipiga tena, safari hii akiomba aletewe mama yule yule msumbufu.

Nyumbani hali haikuwa tofauti. Mumewe hubadilisha balbu pale tu mkewe anapokuwa safarini. Siku ya harusi ya binti yao, Mama Tahadhari alikagua nyaya za muziki kwa makini kiasi kwamba mshereheshaji alimdhania fundi umeme, akamwomba asogee pembeni ili mama wa bibi harusi apate kupita.

Sasa tuje Ijumaa, siku ya kikao cha wiki. Ukumbi wetu uko ghorofa ya pili na una milango miwili. Mlango mkuu ni mzito, unafungukia ndani na kujifunga wenyewe. Ule wa dharura, unaotokea kwenye ngazi za nje, umepigwa kufuli tangu projekta ilipoibwa. Kila Jumatatu Mama Tahadhari aliuomba ufunguo wake, na kila Jumatatu Mkurugenzi alijibu kwamba yuko mbioni kuutafuta. Katika ukumbi huohuo tumewafundisha wateja chungu nzima umuhimu wa njia za kutokea. Walipiga makofi, wakalipa, wakaenda zao.

Vikaoni Mama Tahadhari hakuketi hata mara moja. Alisimama penye mlango mkuu, mguu wake umeuzuia usijifunge. Sisi, wataalamu wa kutambua hatari, tulitambua kwamba ana matatizo ya mgongo. Tulimpa pole. Mhasibu alimletea mto. Alishukuru, akaendelea kusimama. Hivyo tulipochangishana zawadi ya kumuaga hatukuumiza kichwa, tukamnunulia kiti cha kuegemea, kile cha wagonjwa wa mgongo.

Alhamisi tuliupamba ukumbi. Mlango wa dharura ulikuwa unatuharibia picha, basi tukaufunika kwa pazia kubwa lenye kauli mbiu ya kampuni: Usalama Kwanza. Sitanii.

Ijumaa akafika na mumewe, wamependeza wote wawili, akasimama palepale kizingitini. Mkurugenzi alimwita meza kuu. Mama alishukuru, kisha akauliza mbele ya wageni kama ufunguo umepatikana. Mkurugenzi akacheka. Nasi tukacheka kwa kuwa Mkurugenzi amecheka. Yeye hakucheka. Ikabidi bosi aingie nyuma ya pazia na bunda lake la funguo, tukabaki kuona viatu vyake tu na kusikia funguo zikigoma moja baada ya nyingine. Alipotoka, jasho likimtiririka, alikiri kwamba ufunguo wenyewe ulipotea wiki ileile kufuli lilipofungwa. Miaka yote hiyo alikuwa mbioni kutafuta kitu alichojua hakipo.

Mhasibu, kwa nia njema, akamsihi Mama aketi apumzishe mgongo. Ndipo akatuambia kwamba mgongo wake haujawahi kumuuma hata siku moja. Alisimama pale kwa sababu moshi ukiingia tutauvamia wote mlango mmoja, na mlango unaofungukia ndani ukishasukumwa na umati haufunguki tena. Alitaka awepo mtu aliyekwisha kuushika. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kila siku, Ijumaa ijayo atasimama nani.

Niliona aibu, na bado ninayo. Mlinzi akaleta mkasi wa kukatia chuma, na kufuli likakatwa kabla ya keki. Mlango ukalia, ukagoma, ukafunguka. Mama Tahadhari akashuka ngazi za nje mpaka chini, akapanda tena, akaripoti vidato viwili vilivyolegea. Akakikagua kiti chetu mguu kwa mguu. Halafu, kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule, akaketi. Aliyelia ni mumewe.

Leo ni Ijumaa nyingine. Mlango wa dharura hauna kufuli, ingawa juzi watu wa mauzo walirundika mbele yake maboksi ya vipeperushi vyetu kuhusu njia za kutokea. Tumeyaondoa. Fundi wa kuugeuza mlango mkuu ufungukie nje, Mkurugenzi anatuhakikishia, yuko mbioni. Mpaka atakapofika tunaushika kwa zamu, na ya leo ni yangu, kwa hiyo wasifu huu nimeuandika nikiwa wima, na mimi mgongo unaniuma kweli.

Asante, Mama Tahadhari, kwa kila Ijumaa. Tunakutakia maisha mema, na tunakuomba jambo moja tu: usiinuke kwenye hicho kiti.