Miguu Mia Mbili Ndani ya Flashi

Benchi la Hassan muuza kahawa liko Bombolulu, mkabala na karakana ya viatu, na asubuhi hiyo watu walikuwa na hasira hata kashata hazikuguswa. Umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza kompyuta ya karakana. Humo mlikuwa na michoro ya miguu ya wateja mia mbili, wenye mguu mfupi au uliopinda, ambao fundi Charo amewashonea viatu miaka kumi na tisa. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye flashi. Jana ilipofunguliwa yalitokea majina yote, kila moja na kimshale pembeni, na hakuna lililofunguka. Kumbe Erastus, karani, alikuwa amenakili vimishale vya kuonyesha michoro iliko. Michoro yenyewe haikutoka kwenye ile kompyuta.

Charo alishika kikombe kwa mikono miwili asinywe.

— Huyo karani ni wa kufukuzwa, alisema Hassan, ambaye kwa kupenda kwake kusuluhisha huitwa Balozi. Unaambiwa weka akiba, unaweka anwani. Ni kama uniagize kahawa nikupe karatasi imeandikwa "kahawa iko jikoni".

— Unamwonea bure, Balozi. Hivyo ni virusi.

Huyo alikuwa Dishon, anayeitwa Injinia tangu atengeneze redio ya kinyozi ikawa inashika stesheni moja tu.

— Virusi gani vya kula miguu, Injinia?

— Huanza na miguu. Vikishiba, vinatembea kwenda kompyuta ya jirani.

— Wallahi wewe hufai. Mimi nasikia siku hizi faili huwekwa mawinguni.

— Basi si wiki jana ilinyesha? Tukatafute mtaroni.

Charo hakucheka.

— Mguu wa Winfred niliuchora mara nne ndipo kiatu kikaacha kumchubua, alisema. Erastus akaniambia karatasi zinaleta mende, tuzichome, kila kitu kiko kwa flashi. Kila kitu! Kazi ya miaka kumi na tisa, ananipa vimishale.

— Mshtaki, alisema Hassan.

— Mshtaki na kampuni ya umeme, alisema Dishon. Na mende.

Mwanamke mmoja alikuwa akija taratibu, soli nene ya kiatu chake cha kushoto imelika upande.

— Shikamoo, fundi.

— Marahaba, Nduku mwanangu.

— Nimekuja kuagiza kingine. Mchoro wangu si upo?

Hassan ndiye aliyemweleza. Nduku alisikiliza mpaka mwisho.

— Na kabla ya kuchoma karatasi, aliuliza, nani aliifungua hiyo flashi akaona mguu, hata mmoja?

Dishon alichungulia kikombe chake. Hassan alitikisa dele la kahawa, lilikuwa tupu. Charo aliutazama ua wa karakana, pale penye jivu. Kiberiti kilikuwa chake.

— Balozi, nipe huo mfuko wa kaki wa buni.

Aliupasua, akautandaza chini, akatoa kalamu sikioni na kupiga magoti.

— Vua kiatu, mwanangu. Simama vile unavyosimama.

Alichora polepole, akaandika jina, akakunja karatasi na kuitia mfukoni. Halafu akaitoa, akaikunjua, akaitazama.

Mguu ulikuwemo.