Loyd Amstutz na Jezi Namba 32

Tarehe 30 Mei, Bwana Loyd Amstutz atafunga mlango wa chumba cha vifaa vya michezo hapa Chuo cha Harlan Creek, baada ya miaka thelathini na minane ya kutufulia, kutushonea na kutugombeza. Aliajiriwa kwa msimu mmoja tu, kumshikia nafasi mtu aliyevunjika mguu. Yule mtu alipona, akahamia Florida. Loyd akabaki.

Tunamjua. Soksi ikirudi bila mwenzake huitundika mlangoni ikuaibishe. Mwanangu alipokuwa mchanga alilala kwenye kikapu cha taulo, na Loyd akazima mashine ya kukaushia mpaka alipoamka, timu nzima ikisubiri na maji mwilini.

Ila Novemba iliyopita hatukucheka sana. Mji ulikuwa umeshakata shauri kwamba Tavion Briscoe, kijana wa mwaka wa kwanza, ni Rodell Pickett, nyota wetu wa zamani wa mpira wa kikapu, aliyerudi. Mkono uleule wa kushoto, kuruka kulekule. Vinyozi walisema, redio ikasema, na kocha akaagiza avae namba 32 ya Rodell mechi ya kwanza nyumbani, dhidi ya Chuo cha Pruitt.

Jezi hiyo Loyd hakuwahi kumpa mtu mwingine. Wengi wanakumbuka pointi za Rodell. Loyd anakumbuka goti lilivyovimba, na watu walivyoimba jina lake hadi akalichezea hivyohivyo, likaisha. Leo Rodell anauza matairi mjini Kokomo, na ngazi anazipanda kiupande.

Siku ya mechi nilimkuta Tavion ameinamia sinki la kufulia, anatapika. Loyd amesimama, jezi mkononi.

"Unaitaka hii?"

"Watu wanaitaka, mzee."

"Jasho nitakalofua ni lako, si la watu. Nakuuliza wewe."

Kijana akajifuta mdomo. "Kule nyumbani nilivaa kumi na moja."

Kocha alikuwa ameshaandikisha 32 kwenye meza ya waamuzi. Kubadilisha ni kosa, na wapinzani hupewa mitupo huru. Loyd alijua hilo, akampa kumi na moja.

Pruitt wakapata pointi mbili kabla mpira haujarushwa. Ukumbi ukazomea. Kocha akamgeukia: "Loyd, tukifungwa kwa hizo mbili, kesho usije." Loyd akaendelea kukunja taulo.

Tulifungwa kwa pointi moja; bila zile mbili tungeshinda. Tavion ndiye aliyekosa mtupo wa mwisho. Mji ukanung'unika: kumbe huyu si Rodell.

Maneno hayo ndiyo Loyd aliyokuwa anayataka. Jioni ile kijana alikula sahani mbili za makaroni, wa kwanza kucheka mezani. Kesho yake Loyd alikuja kazini kama kawaida, na hakuna aliyethubutu kumrudisha nyumbani. Kocha alimnunia mpaka Krismasi. Tavion amemaliza msimu akiwa Tavion, na magoti yake yote mawili mazima.

Loyd, asante. Ufunguo wa kabati umeniachia mimi, ninayeshika nafasi yako. Thelathini na mbili imo, imefuliwa, imekunjwa. Atakayekuja kuiomba nitamuuliza kama ulivyouliza, na nitasubiri ajibu mwenyewe. Nenda kapumzike, mzee wetu. Uishi kwa raha, na soksi zako zote ziwe na wenzao.