Mama Darubini na Picha ya Mwezi Waliyompa Mwingine

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ndiye niliyemfuata ziwa marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Darubini. Familia imeniomba nisome wasifu wake kwa upole. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi saa na mshonaji nguo. Kwenye meza ya baba alijifunza kubana lenzi jichoni kabla hajajua kusoma.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akaendelea na sekondari ya bweni hadi 1975. Mwaka wa mwisho aliongoza darasa zima katika fizikia. Zawadi, kitabu kinene cha sayansi, akapewa mvulana wa nafasi ya pili, mwalimu mkuu akisema huyo ndiye atakayekitumia. Dada alipiga makofi kama wengine. Mimi nilikaa safu ya tatu. Sikupiga, na mpaka leo sijutii.

Tarehe 3 Septemba 1979, baada ya mafunzo, aliajiriwa hospitali kuu kama mpiga picha za eksirei. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na saba. Wengi wetu hapa aliijua mifupa yetu kuliko sura zetu. Akitoka zamu alipanda kwenye paa la nyumba na darubini aliyoiunda mwenyewe, kioo chake amekisugua kwa mkono miezi minane. Akafunga kamera kwenye darubini hiyo, akapiga picha za mwezi, za Mshtarii na miezi yake minne, za Zohali na pete zake.

Mumewe alimpata katika kutafuta bomba la darubini hiyo. Shemeji ni fundi bomba. Alimuuliza, "Bomba la kazi gani?" Dada akajibu, "La kutazamia mwezi." Shemeji hakucheka, aliuliza upana. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1986. Julai iliyofuata shemeji alichungulia Zohali kwa mara ya kwanza, akaizunguka darubini nzima akipapasa mdomo wa bomba. "Mke wangu, hicho kijikaratasi chenye picha umekibandika wapi?"

Sasa nifike panaponichoma. Tarehe 21 Aprili 2010, mwezi ukiwa nusu, marehemu alipiga vipande arobaini na viwili, akaviunga kwa wiki tatu vikawa picha moja. Mashimo ya mwezi unayahesabu. Aliipa hospitali zawadi, wagonjwa wapate kitu cha kutazama. Kalenda ya hospitali ya mwaka 2012 ilipotoka, picha ilikuwa kwenye jalada, na chini yake: "Imepigwa na Mkurugenzi." Baadaye zikatundikwa nakala wodini, kila moja na kibao cha shaba chenye jina la mkurugenzi huyo.

Marehemu alikwenda ofisini kwake na vile vipande arobaini na viwili ndani ya bahasha.

"Mama, mwezi ni wa kila mtu," mkurugenzi alimwambia.

"Mwezi ni wa kila mtu. Picha ni yangu."

Bahasha haikufunguliwa. Ilikuja barua ya mistari miwili kwamba suala limefungwa. Limefungwa na nani? Aliandika barua tisa hadi alipostaafu mwaka 2016. Hakujibiwa hata moja.

Juni mwaka huu, 2021, figo zake zilishindwa kazi. Oktoba alilazwa hospitali ileile, wodi ya nne, na ukutani mbele ya kitanda chake palikuwa na picha yake yenye jina la mtu mwingine. Alimwambia muuguzi, "Mwanangu, nigeuzie kitanda." Akalala akitazama mlango.

Shemeji aliposikia, alikuja saa ya kutazama wagonjwa na bisibisi. Alifungua skrubu nne, akatia kibao mfukoni. Mlinzi aliitwa. Muuguzi wa zamu akasema, "Mimi nilikuwa napima presha, sijaona kitu." Kitanda kikageuzwa tena. Siku tisa marehemu aliitazama kazi yake, akimwonyesha kila mgonjwa aliyetaka kuona bonde hili na mlima ule, hadi alipofariki tarehe 2 Novemba, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Juzi hospitali imetuletea barua. Si ya pole. Wanadai kibao. Pia mkurugenzi ametuma shada la maua. Maua tumeyapokea. Kibao ninacho hapa, na hakirudi mpaka kiandikwe jina la mwenye kazi. Mtumishi yeyote wa hospitali aliyepo, naomba ayapeleke maneno haya yalivyo, bila kuyapunguza.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na ndugu wanne. Ameacha pia picha elfu sita na mia tatu, na kila moja nyuma ina tarehe, saa na sahihi yake.

Kazi ni yako, dada, na jina ni lako. Pumzika kwa amani.